Bati Lililorudishwa Mahali Pake

Nilipopunguzwa kazi nilikuwa mchoraji ramani katika shirika moja la umma pale Morogoro mjini, na shirika lenyewe lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Walituita ukumbini, wakatugawia barua na soda. Nilikunywa soda yangu yote, maana niliona ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho. Miezi iliyofuata nilipanda mchicha nyuma ya nyumba yangu Bigwa na kuuza mitumba barazani, kama nusu ya mtaa ilivyokuwa inafanya. Tuliishia kuuziana nguo zilezile sisi kwa sisi.

Kisha akaja mtaalamu. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, kutoka nchi ya baridi, na alikuwa amepanga nyumba mjini akaijaza kompyuta. Alikuwa anatafuta mtu anayejua kuchora ramani na ambaye watu wa Mgeta, kule juu milimani Uluguru, wangemsikiliza. Mama yangu alizaliwa Mgeta, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama, kwa hiyo ingawa nimekulia huku bondeni, kule juu mimi ni mtoto wa nyumbani. Mtaalamu alifurahi kusikia hivyo kuliko alivyofurahia vyeti vyangu. Nikachukua kazi.

Kazi yenyewe alinieleza kwa kunionyesha picha. Kwao kuna milima ambayo ndani yake mawe yamechanganyika na barafu, na mchanganyiko huo huteremka polepole, kama uji mzito kwenye sinia lililoinamishwa kidogo. Ukisimama kuuangalia huoni kitu. Wenzake walikuwa wanaipima kwa rada iliyofungwa kwenye satelaiti. Satelaiti inapita angani, inatuma mawimbi, mawimbi yanagonga ardhi na kurudi. Ikipita tena baada ya wiki kadhaa inatuma mengine. Ukilinganisha safari hizo mbili unajua kama ardhi imesogea, hata kama ni upana wa kidole. Baada ya hapo wanaiorodhesha milima yao: huu unatembea, huu umetulia, huu hatujui. Mtaalamu alitaka kuona kama njia hiyo ingefaa Uluguru, ambako hakuna barafu ila kuna udongo mwekundu, mvua nyingi, na watu wanaolima kabichi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza.

Tatizo lilikuwa majani. Jiwe tupu hurudisha wimbi vizuri, lakini shamba la njegere leo lina majani, kesho limevunwa, na rada inachanganyikiwa. Kwa hiyo alileta mabati mazito yaliyounganishwa matatu matatu, kama pembe ya chumba iliyokatwa ikawekwa juu ya miguu ya chuma. Ukiuelekeza uso wake kule satelaiti inakopita, bati hilo hung'aa kwenye picha kama nukta nyeupe, hata mvua inyeshe, hata mawingu yatande. Nukta ikisogea, ujue ardhi chini yake imesogea.

Bati moja liliwekwa kwenye mteremko, upande wa juu wa nyumba ya mama mkubwa. Nieleze hapo, kwa sababu ndipo habari yote ilipo. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa bado shuleni, na kila likizo nilipandishwa Mgeta kwake, nikirudi mjini na mashavu yaliyojaa na kikapu cha viazi mviringo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye rozari shingoni na ulimi usio na breki. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko mrefu. Juu kabisa kulikuwa na mwamba mtupu, mfupa wa mlima wenyewe. Chini kulikuwa na kijito. Na kati ya hapo kulikuwa na ngazi za kabichi, njegere na karoti. Na mlango wa nyumba hiyo ulikuwa haufungi.

Haukuwa mlango mbovu. Kila mwaka baada ya masika fundi seremala aliitwa, akapiga randa upande wa juu, mlango ukafunga. Mwaka uliofuata ukakataa tena. Mama mkubwa alisema mbao za siku hizi hazikukauka vizuri, zinakatwa haraka haraka na wafanyabiashara. Ni kweli zilikuwa zinakatwa haraka haraka. Soko lilikuwa limefunguliwa, malori ya watu binafsi yalikuwa yanapanda mpaka huko, na kila aliyekuwa na jembe alikuwa anafyeka mteremko wa kupanda kabichi za Dar. Lakini mimi nilikuwa nimechora nyumba na viwanja maishani mwangu, na niliuona ule mlango. Fremu ndiyo ilikuwa inapinda. Niliogopa, nikamwambia ahame, naye akaniuliza kama mjini kunanifundisha kutabiri.

Ukoo ulikuwa na kiwanja kingine ng'ambo ya kilima, karibu na misheni, mahali palipolala. Mjomba, kaka yao mkubwa, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli ya ardhi ya ukoo, alikuwa tayari kumpa. Mama mkubwa hakutaka. Nyumba ile aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Tulipopanda na mtaalamu kuomba ruhusa ya kuweka bati, wazee wa ukoo walikaa, na nikatafsiri habari ya milima ya mawe na barafu inayotembea. Mama mkubwa alisikiliza kwa makini.

"Juu ya hiyo milima wanalima nini?" akauliza.

Nikatafsiri. Mtaalamu akasema hakuna anayelima.

"Basi itembee tu. Haimsumbui mtu."

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alimgeukia dada yake akamwambia, mbele yetu wote, kwamba mtoto huyu amesema sana habari ya mlango, na sasa wageni wameleta chombo cha kupima. Je, kikisema kilima kinatembea?

"Kikisema hivyo nitahama," alisema mama mkubwa. "Kikisema hakitembei, mniache na mlango wangu."

Neno lililosemwa mbele ya ukoo halirudi. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu katika kazi yangu yote: bati lile liseme ndiyo. Sijawahi kutamani habari mbaya namna hiyo.

Mtaalamu alitaka kulijengea bati msingi wa saruji. Mjomba alikataa palepale. Katika ardhi ya ukoo aliyeazimwa shamba hupanda mahindi, hupanda maharage, lakini hapandi mti wala hajengi kitu cha kudumu, kwa sababu chenye mizizi kitadai kesho. Saruji ni mizizi. Mtaalamu alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Bati likasimamishwa kwa miguu yake ya chuma na vigingi virefu, kando kidogo ya mpaka unaoshuka mshazari kati ya mama mkubwa na jirani yake, mzee wa ukoo mwingine. Mama mkubwa akaliita mgeni. Jirani akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu hatalishika kamwe.

Nikarudi mjini. Nilikuwa nakaa kwenye chumba cha kompyuta nikichora ramani za miteremko: nyekundu kwa inayotembea, kijani kwa iliyotulia, rangi ya majivu kwa isiyojulikana. Picha zilikuwa ghali, kwa hiyo ziliagizwa za kiangazi tu kutoka ng'ambo, na kuchelewa kama bidhaa nyingine yoyote ya wakati ule. Yalipita masika, yakaja mengine. Miteremko kadhaa ya Mgeta ilionekana kushuka waziwazi. Bati la mama mkubwa halikushuka. Nukta yake ilikuwa inacheza kidogo juu, kidogo chini, kisha inarudi palepale. Mtaalamu alisema mchezo huo ni unyevu wa hewa, wimbi huchelewa kidogo likipita kwenye mvuke, wala si kitu cha ajabu. Alinipa penseli ya kijani.

Nilipaka kijani. Nilikasirika sana, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, nilimkasirikia seremala.

Nilipanda Mgeta kupeleka jibu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya pande zote mbili. Masika yalikuwa yamekwisha wiki chache nyuma. Nilishushwa na lori la kabichi barabarani, nikapanda kwa miguu, na nilipofika karibu na nyumba nikaona watu wawili wanashuka kutoka kule mwambani na kamba ya katani. Walikuwa mama mkubwa na jirani yake. Hao wawili waligombana kwa kila kitu, kuku, moshi, hata nyimbo za kanisani, lakini siku hiyo walikuwa wanafanya kazi kimya kama watu wanaotandika kitanda cha mgonjwa.

Nilijua wanachofanya. Nilikiona utotoni nikakisahau. Baada ya masika udongo huwa umeteremka, na unaposhuka huchukua vya watu: mawe ya kukingia ngazi, shina la mgomba, fito za uzio. Ukiviacha, mwakani jirani anakuwa na mgomba wako na wewe una ugomvi. Kwa hiyo wenye mpaka hutoka pamoja, hufunga kamba kwenye mwamba, kwa kuwa mwamba hauendi popote, na kufuata mafundo yake mpaka chini, kila fundo likionyesha mahali pa kitu. Kila kilichotoka mahali pake hurudishwa. Siku hiyo wao huiita siku ya kurudishiana. Mama mkubwa alikuwa na msemo wake: udongo hauna adabu, kwa hiyo watu wawe nayo.

Walifika kwenye bati. Jirani akashika fundo la kamba. Mama mkubwa akang'oa kigingi, akang'oa kingine, kisha wakalibeba bati wote wawili, taratibu, wakalipandisha kidogo, wakalisimamisha upya.

"Shikamoo mama mkubwa," nilisema, maana hata mtu akiwa amepigwa na butwaa lazima aamkie. "Mnafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Tunamrudisha mgeni. Kashuka tena, mguu mmoja uko kwa huyu baba."

"Tena? Huwa mnamrudisha?"

"Sasa tumwache ashinde kwenye njegere za watu? Uende mjini useme mama yako mkubwa hana adabu?"

"Na uso tunauelekeza kulekule," alisema jirani, akinionyesha alama aliyoikwaruza mwambani ili asikosee. "Mzungu wako akija hatajua hata kama tuliugusa."

Alisema kwa kujivuna kabisa, na alikuwa na haki. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa ngazi, na mama mkubwa akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Kisha nikauona mlango wa nyumba ukiwa wazi pale chini, umeegeshewa jiwe, na kicheko kikaniishia. Nikawaeleza. Nikawaambia rada ilikuwa inatafuta kujua kama bati linashuka, na wao walikuwa wanalipandisha kila linaposhuka, kwa hiyo jibu nililoleta ni kwamba kilima hakitembei.

Jirani aliangalia chini. Mama mkubwa alianza kuikunja kamba, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja.

"Kwa hiyo aliyekuwa anajibu ni mimi," alisema.

Angeweza kuliacha jibu lilivyo. Kijani kilikuwa kimeshapakwa, ukoo ungenyamaza, mlango ungeendelea kupigwa randa. Nililiona wazo hilo likipita usoni mwake, na nadhani naye aliniona nikiliona. Akaniuliza nimekula nini njiani, akaniingiza ndani. Tulipomaliza kula alisema niende nikamwambie mtaalamu kuwa masika yajayo mgeni hataguswa.

Mtaalamu aliposikia alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama sasa saruji ingekubaliwa. Mjomba alikataa mara ya pili, kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo kipimo chote kilibaki mikononi mwa mwanamke mmoja ambaye alitakiwa asifanye chochote, na sidhani kama aliwahi kupewa kazi ngumu zaidi.

Masika yale nilipanda mara nyingi kuliko kazi ilivyonidai. Mvua ilikuwa ya kawaida, wala si ya kusimuliwa. Bati likaanza kusogea, kwanza kidogo kiasi cha kubishania, baadaye wazi, mpaka miguu yake miwili ikawa ndani ya njegere za jirani. Siku ya kurudishiana ilipofika walirudisha mawe, wakarudisha mgomba, wakalipita bati kama watu wanaompita mlevi aliyelala njiani. Jirani alipiga kelele kutoka kwake, "Mgeni wako anakula njegere zangu!" Mama mkubwa akampelekea kabichi za kuomba radhi. Alihamisha kigoda chake cha kumenyea viazi, kutoka mbele ya nyumba akakiweka nyuma, asilione. Aliniambia usingizi haumpati vizuri, na kwamba kosa hilo la kuacha kitu kwenye shamba la mtu ataliungama kwa padri, hata kama mtaalamu halioni kuwa kosa.

Picha zilifika, na za masika zikiwemo. Safari hii nukta haikucheza. Ilishuka, ikashuka, ikashuka, mstari ambao mtoto wa darasa la kwanza angeusoma. Mtaalamu alinyoosha mkono kwenye penseli nyekundu, akanitazama, akaniachia niichukue mwenyewe. Nilipaka mteremko wote, pamoja na mraba mdogo wa nyumba. Nilikuwa nimeingoja rangi ile miaka kadhaa, na nilipoipaka nililia, jambo ambalo halijawahi kunitokea juu ya ramani kabla wala baada ya hapo.

Mama mkubwa alilipokea jibu akiwa amesimama pale mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa umeshang'olewa, umeegemezwa ukutani nje.

"Ahadi ni deni," alisema. "Mwambie mjomba wako alete vijana wa kushusha mabati ya paa."

Siku ya kuhama walibeba mabati, milango, boriti, vyungu, kitanda, picha ya Bikira Maria. Mafiga aliyaacha jikoni yalivyokaa, yale mawe matatu ya bibi yake. Alisema mawe yapo kila mahali. Kila mtu alipokuwa ameshabeba mzigo wake na msafara umeanza kupanda, alimwita jirani. Jirani akaja na kamba bila kuulizwa. Wakaifunga mwambani, wakashuka nayo mpaka kwenye bati, wakang'oa vigingi, wakalitoa kwenye njegere, wakalirudisha mahali pake na kuuelekeza uso wake kwenye ile alama. Sikuwazuia. Mama mkubwa alipangusa udongo mikononi, akachukua kapu lake na kupanda bila kugeuka nyuma.

Kwenye picha iliyofuata nukta ile ilionekana imepanda. Mtaalamu aliniuliza, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifuta nukta hiyo, kwa kuwa katika orodha ya milima hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo. Alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningeifuta.

Nyumba ilianguka masika yaliyofuata. Haikuanguka kwa kishindo. Ukuta wa nyuma ulikaa chini, kisha jiko likafuata, na udongo ukavichukua vyote taratibu kuelekea kijitoni. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa kwa mama mkubwa, kule karibu na misheni, tukimenya viazi mbele ya nyumba mpya yenye mlango wa zamani, ambao sasa ulikuwa unafunga vizuri ila ulikuwa mfupi juu kwa sababu ya randa ya miaka yote ile.

Tukamwona jirani anakuja njia ya kilimani. Alikuwa mzee tayari, na kutoka kwake mpaka pale ni kupanda na kushuka. Alikuwa na jiwe begani, jeusi kwa masizi upande mmoja. Alilitua mbele ya mama mkubwa, akavuta pumzi kwanza kabla ya kusema.

"Hili ni lako," alisema. "Nimelikuta kwangu."

Mama mkubwa alimkaribisha, akamwekea kigoda. Kisha akaingia jikoni, akaling'oa figa moja katika yale mapya, na akalipachika lile la bibi yake mahali pake.